Dakika 0.3: Vipimo vya Mionzi ya Tiba na Wajibu wa Mwalimu wa Shule ya Msingi

Utangulizi

Wakati wa mazoezi ya kufundisha, mwandishi wa makala haya aliketi nyuma ya Darasa la Tano katika shule moja ya Kwashemshi, wilayani Korogwe, akimsikiliza mwanachuo aliyekuwa akifundisha vipimo vya wakati. Somo lilikwenda vizuri. Andalio lilikuwa safi, maandishi ya ubaoni yalipangika, na watoto walikuwa na ari. Karibu na mwisho wa kipindi mwanachuo aliuliza: "Dakika 0.3 ni sekunde ngapi?" Mtoto mmoja wa mstari wa mbele akasimama, akajibu: "Sekunde thelathini, Mwalimu." Mwanachuo akalipokea jibu hilo, akaliandika ubaoni, darasa likapiga makofi, na kengele ikalia.

Jibu lililo sahihi ni sekunde 18, kwani dakika moja ina sekunde 60, na sehemu tatu za kumi za 60 ni 18. Tulipoketi chini ya mwembe kuzungumzia somo, mwanachuo alikiri upesi. "Ni kweli, Mkufunzi," alisema, "lakini ni kosa dogo tu la desimali. Halimdhuru mtu."

Makala haya yameandikwa kwa sababu ya maneno hayo ya mwisho. Inakusudiwa kuwaonyesha ndugu wanachuo kwamba kosa hilo hilo, la dakika 0.3 kudhaniwa kuwa sekunde 30, liliwahi kuwadhuru watu wengi, na baadhi yao wakapoteza maisha. Ili jambo hilo lieleweke, hatuna budi kuanza mbali kidogo, katika upimaji wa madini yanayotoa mionzi ya kutibu saratani.

Kupungua kwa kanuni

Tangu mwaka 1896, Henri Becquerel alipogundua huko Ufaransa kwamba urani hutoa mionzi yenyewe, wanasayansi wamejua kwamba ziko atomi zisizotulia. Atomi ya namna hiyo hukaa, kisha kwa ghafla hutoa mionzi na kugeuka kuwa kitu kingine. Tabia hiyo huitwa unururifu. Hakuna ajuaye ni atomi ipi itakayogeuka sasa na ni ipi itakayongoja. Lakini zikiwa nyingi sana, kupungua kwao hufuata kanuni moja isiyoyumba: katika muda maalumu, nusu yake hugeuka, katika muda mwingine kama huo, nusu ya zile zilizosalia hugeuka, na kuendelea vivyo hivyo. Muda huo ndio uitwao nusu-maisha.

Aliyeifikia fikra hiyo kwa kipimo alikuwa Ernest Rutherford, mzaliwa wa New Zealand, alipokuwa akifundisha Montreal, Kanada. Mwaka 1900 alieleza kwamba nguvu ya gesi inayotoka katika thori hushuka kwa nusu kila baada ya dakika moja hivi. Tuangalie alivyofanya: alikuwa na chombo cha kupimia umeme, saa, na jedwali la safu mbili, moja ya muda na ya pili ya kipimo. Kazi hiyo ya safu mbili yaweza kufanywa na mtoto wa Darasa la Tano, iwapo mwalimu wake amemfundisha kusoma saa na kuandika alichokiona bila kukipamba.

Wazee wetu wa pwani na wa bara yake walikuwa na ngazi kama hiyo ya nusu katika vipimo vya nafaka. Pishi moja ni vibaba vinne. Ukiigawa pishi kwa nusu unapata nusu pishi. Ukigawa tena unapata kibaba. Ukigawa tena unapata nusu kibaba. Mara tatu za kugawa zimekufikisha kwenye sehemu moja ya nane. Mtoto aliyekwisha kuielewa ngazi hiyo ameelewa nusu-maisha, hata kama neno lenyewe hajalisikia. Methali husema haba na haba hujaza kibaba. Hapa tunajifunza kwamba haba na haba hukipunguza pia, na kwamba upungufu wenyewe una hesabu yake.

Kosa linalorudiwa na wengi, hata na wanachuo wenye vyeti vizuri, ni kudhani kwamba nusu-maisha mawili humaliza kila kitu. Husema: nusu imekwenda, nusu ya pili nayo imekwenda, basi hakuna kilichobaki. Sivyo. Baada ya nusu-maisha mawili hubaki robo. Baada ya manne, sehemu moja ya kumi na sita. Baada ya kumi, hubaki chini kidogo ya sehemu moja ya elfu. Mwenye kukosea hapa hajashindwa na fizikia. Ameshindwa kuuliza swali la sehemu: nusu ya nini?

Kobalti na kalenda

Katika jiji la Dar es Salaam, ufukoni mwa bahari, iko Taasisi ya Saratani Ocean Road. Jengo lake la zamani lilijengwa na Wajerumani na kufunguliwa mwaka 1897 kama hospitali. Taasisi yenyewe iliundwa kwa sheria ya Bunge mwaka 1996. Wengi katika vijiji vyetu wanamjua ndugu au jirani aliyepanda basi Korogwe, akapita Segera na Chalinze, kwenda kutibiwa huko. Miongoni mwa wanawake wa Tanzania, saratani iongozayo ni ile ya mlango wa kizazi, na tiba ya mionzi ni mojawapo ya silaha kuu dhidi yake.

Kwa miaka mingi tiba hiyo nchini imetegemea mashine za kobalti-60. Hii ni isotopu itengenezwayo katika tanuri la nyuklia, kobalti ya kawaida inapopokea nyutroni. Tangu tiba ya kwanza ya aina hiyo ilipotolewa Kanada mwaka 1951, mashine hizi zimefaa katika nchi nyingi kwa kuwa hazihitaji mitambo tata. Kipande cha kobalti hukaa ndani ya ngome ya madini mazito. Mgonjwa akishalazwa mahali pake, mlango wa mionzi hufunguliwa kwa muda uliopimwa, kisha hufungwa. Siku hizi, Ocean Road inazo pia mashine nyingine zinazozalisha mionzi kwa umeme. Hata hivyo, somo la kobalti halijapitwa na wakati.

Nusu-maisha ya kobalti-60 ni miaka 5.27, yaani takriban miaka mitano na miezi mitatu. Maana yake ni kwamba mashine haifanani na jana yake. Kila mwezi nguvu ya chanzo hupungua kwa asilimia 1 na ziada kidogo. Kwa mwaka mzima hupungua kwa asilimia 12 hivi. Mgonjwa aliyehitaji dakika 2 chanzo kilipokuwa kipya atahitaji dakika 4 baada ya miaka 5.27, ili apate kipimo kile kile. Kwa hiyo chanzo kinapozeeka, foleni ya wagonjwa nayo hurefuka, na hatimaye chanzo hakina budi kubadilishwa.

Hebu tufikiri kama mtaalamu wa fizikia ya tiba angesahau kalenda. Angetumia jedwali la mwaka jana, na kila mgonjwa angepungukiwa na sehemu ya nane hivi ya dawa yake, wala asingehisi chochote. Mionzi haina rangi, harufu wala ladha. Uvimbe ambao ulipaswa kufa ungebaki na uhai, ukarudi. Kipimo kikizidi, viungo vizima huungua. Kikipungua, ugonjwa hauponi. Njia ya kupita katikati ni nyembamba, na hulindwa kwa hesabu tu.

Ndiyo maana wataalamu hao hawaridhiki na kukokotoa peke yake. Hupima. Huchukua chemba ndogo yenye hewa, huiweka katika mionzi kwa muda uliohesabiwa, na kusoma umeme uliozalishwa. Kwa kuwa hewa ya chemba nyingi imeachiana na hewa ya nje, husoma pia joto la chumba na kanieneo ya hewa, kwani hewa ya moto ni nyepesi kuliko hewa baridi, na kipimo kingepotoka. Kisha huandika tarehe. Kipimo cha kitu kinachopungua kisipokuwa na tarehe hakina maana. Hali kadhalika nchi yetu inacho chombo cha kusimamia matumizi salama ya mionzi, nacho ni Tume ya Nguvu za Atomi Tanzania, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2003.

Yaliyotokea San José

Sasa turudi kwenye dakika 0.3. Mwezi Agosti mwaka 1996, katika hospitali moja ya mji wa San José, nchini Costa Rica, chanzo cha kobalti kilichozeeka kiliondolewa na kipya kikawekwa. Kama ilivyo desturi, nguvu ya chanzo kipya ilipimwa. Chemba iliwekwa katika mionzi kwa dakika 0.3. Katika hesabu, muda huo ukachukuliwa kuwa sekunde 30.

Tuchukue namba za mfano ili tuone matokeo. Tuseme katika sekunde 18 za kweli chombo kilisoma 36. Nguvu ya kweli ni 36 kugawanya kwa 18, yaani 2 kwa kila sekunde. Lakini aliyedhani kuwa ni sekunde 30 atagawanya 36 kwa 30, apate 1.2. Ataamini kwamba chanzo ni dhaifu. Ili ampe mgonjwa kipimo cha 120, atagawanya 120 kwa 1.2 na kuamuru sekunde 100, ambapo sekunde 60 zingetosha. Kwa sekunde 100 mgonjwa atapokea 200.

Mambo hayo ndiyo yaliyotokea. Wagonjwa 115 walipewa mionzi iliyozidi kipimo kilichokusudiwa kwa nusu nzima au zaidi. Tiba iliendelea hivyo hadi kosa lilipotambuliwa mwishoni mwa Septemba. Baadhi yao walifariki kwa sababu ya ziada hiyo, na wengine wakabaki na majeraha ya kudumu. Wachunguzi wa kimataifa waliochapisha taarifa yao mwaka 1998 walisisitiza jambo moja ambalo mwalimu yeyote atalitambua: kipimo kile hakikurudiwa na mtu mwingine kwa njia nyingine. Laiti pangekuwa na mtu wa pili wa kukokotoa upya, kosa lingeonekana siku ile ile.

Mwandishi hasemi kwamba mwalimu fulani wa shule ya msingi ndiye mwenye lawama ya San José. Uchovu, haraka na kukosa ukaguzi huweza kumpotosha hata bingwa. Ninachosema ni kwamba mazoea ya mkono na jicho hujengwa utotoni. Mtoto aliyepigiwa makofi kwa jibu la sekunde 30 amejengewa mazoea ambayo siku moja, akichoka, yatamrudia.

Hofu ya mionzi

Iko sababu ya pili ya kumtaka mwalimu wa kijijini alijue jambo hili. Wagonjwa wengine wanaporudi kutoka tiba hukuta kikombe chao kimetengwa na wajukuu wamekatazwa kukaa karibu nao. Jamaa husema, "Amechomwa mionzi, atatuambukiza." Mgonjwa aliyevumilia safari na maradhi sasa huvumilia upweke. Wengine, kwa kuogopa hayo, hawaendi kutibiwa kabisa.

Mwalimu anayejua atawaeleza watu hivi. Mionzi ya mashine ya kobalti ni kama mwanga wa kurunzi. Ukiizima, chumba hakibaki na mwanga. Na mgonjwa akitoka chini ya mashine habaki na mionzi mwilini. Kadhalika katika saratani ya mlango wa kizazi, chanzo kidogo huweza kuingizwa mwilini kwa muda, kisha huondolewa, na mionzi huondoka nacho. Hakuna sababu ya kumtenga mtu huyo.

Lakini ukweli hauna budi kusemwa wote. Mgonjwa wa saratani ya tezi la shingo hunyweshwa iodini-131, ambayo hubaki mwilini na kutoa mionzi kwa muda. Nusu-maisha yake ni siku 8, na mwili wenyewe huitoa nyingine kwa njia ya mkojo. Mgonjwa huyo hupewa na daktari masharti ya kukaa mbali na watoto na waja wazito kwa siku kadhaa, nayo yafuatwe. Masharti hayo yana mwisho, kwa sababu iodini ina mwisho unaohesabika. Iko pia teknesi-99m, itumikayo kupiga picha za viungo, ambayo nusu-maisha yake ni saa 6 tu: ikipimwa saa 12 asubuhi, saa 6 mchana imebaki nusu, na saa 12 jioni imebaki robo. Neno "mionzi" pasipo kipimo na muda huzaa hofu. Likifuatana navyo, huzaa busara.

Jinsi ya kufundisha

Sipendekezi kwamba unururifu uingizwe katika muhtasari wa shule ya msingi. Napendekeza kwamba misingi yake, ambayo tayari imo katika Hisabati na Sayansi, ifundishwe kwa vitendo. Zana zifuatazo zapatikana katika kila kijiji.

Kwanza, punje za mahindi. Kila kundi la watoto lipewe punje 64 zilizopakwa masizi upande mmoja. Punje zitikiswe katika bakuli na kumwagwa juu ya ungo. Zile zilizolala upande mweusi juu ziondolewe. Zilizosalia zihesabiwe, ziandikwe, zitikiswe tena. Watoto watatarajia 32, 16, 8, 4. Watapata, kwa mfano, 35, 17, 7, 4. Hapo mwalimu asiseme kwamba wamekosea, wala asiwaruhusu kubadili namba ili zipendeze. Awaulize kwa nini makundi hayafanani, kisha ajumlishe matokeo ya darasa zima ubaoni. Wataona kwamba jumla ya punje nyingi hukaribia kanuni kuliko kundi moja dogo. Kama punje zenyewe zina mwelekeo wa kulala upande mmoja zaidi, hilo nalo ni somo: wapime kwanza kwa kumwaga punje 100, wajue sehemu inayoondoka kila mara kabla ya kudai kuwa ni nusu.

Pili, mstari wa saa. Chora mstari wa dakika moja ubaoni na uugawe mara mbili: juu sehemu kumi, chini sekunde 60. Watoto waone kwa macho kwamba 0.5 iko juu ya sekunde 30, na 0.3 iko juu ya sekunde 18. Kanuni iliyokaririwa husahaulika, ilhali mstari uliochorwa kwa mkono wake mtoto hukumbukwa.

Tatu, mkaguzi. Kila kipimo kipimwe na watoto wawili kwa zamu, wa pili asiyaone majibu ya wa kwanza. Wakitofautiana, wapime tena. Wazoee kwamba kukaguliwa si kudharauliwa. Huo ni uungwana wa kazi.

Nne, tarehe na kizio. Namba isiyo na kizio isipewe alama kamili. Najua ukali huu huwaudhi watoto, na wanachuo pia. Hata hivyo, "0.3" pasipo neno "dakika" ndiyo mlango ambao maafa hupitia.

Pingamizi

Baadhi ya wakufunzi wenzangu husema kwamba haya ni makubwa mno kwa mwalimu anayekabili watoto wengi darasani na vitabu vichache. Wana haki katika jambo moja: kumkaririsha mtoto maana ya isotopu ni kupoteza wakati wake. Lakini punje, masizi na ungo havingoji bohari ya serikali, na darasa kubwa, ambalo kwa masomo mengine ni mzigo, kwa somo hili ni faida, maana makundi mengi hutoa jumla iliyo karibu zaidi na kanuni.

Wengine husema kwamba mtoto wa mkulima au wa kibarua wa mkonge hatakuwa mtaalamu wa fizikia ya tiba. Hilo silikubali. Falsafa ya Elimu ya Kujitegemea, iliyotangazwa mwaka 1967, haikusema kwamba mtoto wa kijijini afundishwe kidogo. Ilisema afundishwe kinachomwezesha kuishi na kuitumikia jamii yake. Na hata asipovaa koti jeupe la hospitali, atapima dawa ya mifugo, atasoma maelekezo ya dawa ya mtoto mgonjwa, atachanganya dawa ya wadudu wa mahindi. Kila mahali atakutana na nukta ya desimali.

Hitimisho

Siku ya pili nilirudi Kwashemshi, ingawa zamu yangu haikuwa ya shule ile. Mwanachuo aliingia darasani, akaandika ubaoni "dakika 0.3", akawageukia watoto na kusema: "Jana tulikosea hapa, na aliyekosea zaidi ni mimi, kwa sababu nilipokea jibu bila kulipima." Kisha akachora mstari wa saa. Yule mtoto wa mstari wa mbele ndiye aliyeitwa kuhesabu, akafika sekunde 18 kwa kidole chake mwenyewe.

Ndugu wanachuo, nimeona masomo mengi yaliyokuwa na zana za kupendeza kuliko hilo, lakini sijaona lililokuwa na thamani zaidi. Mwalimu anayesahihisha kosa lake mbele ya watoto huwafundisha tabia ambayo, kama ingalikuwapo San José mwaka 1996, ingaliokoa watu. Usipoziba ufa, utajenga ukuta. Ufa wenyewe huanza katika daftari la Darasa la Tano, na kalamu nyekundu ya kuuziba mnayo ninyi.